Namba Kumi na Sita

Bi Somoe Nantanga hakutaka picha nzuri.
Alitaka picha ya mpaka.
Mkonge huu hapa, alisema, na mkorosho ule kule, wa marehemu,
vionekane vyote. Baraza la ardhi litakaa Alhamisi.

Nikafanya nilivyozoea.
Kitangari nzima inanijua kwa maharusi:
tundu la lenzi naliacha wazi, namba moja nukta nane,
nasogea mpaka nahesabu kope,
na nyuma ya bibi harusi dunia inayeyuka.
Kuta zisizopigwa lipu, kamba ya nguo, shemeji aliyelewa,
vyote vinakuwa uji wa rangi.
Watu huulipia uji huo.

Basi nikaupigia mkonge magoti.
Miiba yake ungeweza kuichomoa kwenye karatasi.
Alhamisi mwenyekiti aliipeleka picha dirishani,
akaisogeza, akaivuta, akavua miwani.
"Mkonge nauona. Mkorosho uko wapi?
Huu ni moshi, mama. Moshi hauna mwenyewe."
Akacheka hata karani. Tukapewa wiki.

Usiku nilimkumbuka Fundi Dadi,
chumba chake Newala, taa nyekundu, harufu ya siki.
Alinikunja kidole cha shahada mpaka kikabaki
kitundu cha kupitisha punje ya mtama.
Chungulia, akasema.
Tarehe za kalenda ya ukutani, zilizokuwa zimenitoroka,
zikarudi zikapanga mstari.
"Tundu likibana, karibu na mbali hukaa pamoja.
Ila utalipa kwa giza."
Na namba ikikua tundu husinyaa;
hilo lilinichukua mwaka kulikubali,
mpaka nilipokopa: deni likinenepa, mfuko hukonda.

Tulirudi shambani asubuhi.
Lenzi ndefu, ile inayokata kina kama kisu,
niliiacha begini. Nikafunga fupi.
Nikarudi nyuma hatua saba, maana ukaribu nao hula.
Shabaha sikuiweka kwenye mkonge
wala kwenye mkorosho.
Niliiweka kwenye mchanga mtupu kati yao, theluthi ya njia,
mahali ambapo hakuna aliyekuwa akipagombea.
Namba kumi na sita.
Kisha tukangoja upepo uketi,
kwa kuwa shata sasa ilikwenda kizee,
na jani lenye vumbi la salfa likitikisika
lingejiandika mara mbili.
Bi Somoe alizuia pumzi kana kwamba anapigwa yeye.

Kwenye kompyuta kila kitu kilikuja.
Mkonge. Njia ya sisimizi. Bibo lililopasuka.
Mkorosho wa marehemu mpaka nyufa za gome,
na nyuma ya nyasi, nani aliyeutazamia,
mstari mwingine wa mikonge, mikongwe, saba au minane,
ukipita kushoto kwa mkorosho,
ukiuacha mti wote kwa Chitanda, jirani.

Aliweka kidole kwenye kioo. Kikaacha alama ya mafuta.
"Marehemu," alisema,
kisha hakusema.

Nilitaka kumweleza habari za tundu dogo,
kwamba halina upande.
Nikajisaidia kwa kupanga nyaya.

"Ile ya moshi unayo bado?"
Ninayo.
"Nitolee zote mbili. Saizi moja."
Akazitia kwenye pindo la kanga, fundo moja,
akalipa bila kuomba kupunguziwa.

Alhamisi hiyo nilikuwa na harusi Mnyambe.
Ni picha ipi aliyoifungua mbele ya mwenyekiti sijui,
na wanaojua wanaisimulia kila mtu na lake.
Najua mkono wangu tu: ulikwenda wenyewe kwenye gurudumu,
nne, nane, kumi na moja,
na nyuma ya bibi harusi wakaanza kutokeza,
kamba ya nguo, matofali,
shemeji na chupa yake,
na mwanamke mmoja mlangoni, hakualikwa,
akimtazama bwana harusi.

Mbona umerudi nyuma, bibi harusi akaniuliza.
Sogea. Sogea karibu.